Mtu wa Pwani Hafundishwi Maji

Jumapili, 29 Aprili 2001. Lewisham. Mvua, jua, mvua tena.

Dharau! Miaka sita nimekuwa naibu mwenyekiti wa Umoja wetu wa Wakenya wa huku ughaibuni. Miaka sita nimepanga viti na kupangua viti. Leo Mzee Method ametangaza anauacha uenyekiti. Nikasimama, nikakohoa, nikangoja makofi. Naftali naye akasimama! Naftali wa Kisii, mtunza wazee, ambaye hata hotuba hajui. Makofi akapigiwa yeye.

Nikaona hapana. Nikawaambia kiongozi ni pumzi, si upole. Nikatoa tangazo nililolikata kwenye gazeti la bure la treni: triathloni ya watu wanaoanza, tarehe 20 Mei, kule kwenye bandari za zamani mashariki ya mji. Kuogelea mita mia nne, kisha baiskeli, kisha mbio. Wagombea wote wawili tuingie, wanachama waje waone, uchaguzi ufanyike wiki inayofuata. Nikaongeza kwamba mimi, Msabaha, ni mtu wa Mombasa, nimezaliwa majini, na kwa kweli namwonea huruma mtu wa milimani. Wakacheka, wakakubali.

Naftali alisema tu, sawa, ndugu. Sawa, ndugu! Uenyekiti nishautia kibindoni.

Jumanne, 1 Mei.

Binti yangu Mwanakombo, miaka kumi na miwili, mzaliwa wa hapa hapa, ameniuliza kwa Kiingereza chao hicho kama najua kuogelea. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nimekulia Kibokoni, dakika tano kutoka baharini. Akasema hilo silo aliloniuliza. Watoto wa siku hizi hawana adabu.

Ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: niliingia hadi magotini. Mara mbili. Mara ya pili nililowesha kanzu ya chuoni, nikachapwa, basi. Lakini bahari nimeiona kila siku kwa miaka ishirini. Mtu hawezi kukiona kitu miaka ishirini asikijue.

Alhamisi, 3 Mei.

Nimekwenda bwawa la manispaa kujikumbusha. Nani yumo majini? Naftali! Kumbe kila Alhamisi huwaleta wazee wake kuogelea, ni sehemu ya kazi yake. Miaka minne! Alikuwa amemlaza mzee mmoja wa Kiingereza chali, kamshika kidevu, anamvuta taratibu huku akimsemesha. Kisha akaogelea peke yake, akaenda na kurudi bila kelele, kama mtu aendaye dukani.

Huo si udanganyifu? Mtu anajua kuogelea miaka minne na hasemi! Mimi ningesema. Akaniona, akaniambia niingie anionyeshe kidogo. Mbele ya watu! Nikamwambia nimefuata taulo niliyoisahau. Akauliza niliisahau lini. Nikaondoka.

Jumamosi, 12 Mei. Upepo, kisha joto, kisha upepo.

Nimepata! Mafuta ya nazi.

Kinachowashinda watu majini hapa si kutojua kuogelea, ni baridi. Waandaaji wenyewe wameandika: nyuzi kumi na nne. Marehemu babu alijipaka mafuta ya nazi kila asubuhi, na maisha yake yote hakupata mafua. Mke wangu Saumu ana chupa kubwa aliyoletewa na mama yake kutoka Mombasa, ya nywele za Mwanakombo. Nikamweleza hesabu yangu. Akaniuliza babu alikuwa akiishi wapi. Kisha akanionyesha chupa: mafuta yameganda, meupe, magumu kama mshumaa. Nikamwambia yanaganda chupani kwa kuwa chupa haina damu. Akatoka jikoni bila kunijibu. Nachukulia amekubali.

Baiskeli nimeazimwa na Jaswinder wa duka la pembeni, mzaliwa wa Nakuru. Ndiyo ile anayosambazia magazeti, ina kapu mbele. Amenionya kwa Kiswahili cha haraka kuliko changu kwamba breki inayoshika ni moja.

Jumapili, 20 Mei. Naandika kitandani, chini ya blanketi tatu.

Si aibu. Ni hujuma!

Asubuhi niliyeyusha chupa nzima juu ya hita, nikajipaka toka utosini hadi nyayoni. Suti ya mpira ya kukodi, ambayo wenzangu walihangaika nayo robo saa, mimi nilitumbukia ndani mara moja. Nikamtazama Naftali. Akaniambia nanukia wali wa nazi.

Ndipo visa vikaanza. Msimamizi akashindwa kuniandika namba mkononi, wino unateleza. Kofia ya kuogelea ikanichomoka kichwani mara tatu. Jua likazimika, mvua ya mawe ikashuka. Ukingoni wanachama arubaini wa Umoja wamejibanza chini ya miavuli, Saumu na Mwanakombo mbele yao. Honi ikalia.

Yale si maji! Nilirusha mikono mara kumi hivi, miguu ikatafuta chini. Chini hapakuwepo. Bandari, nimeambiwa baadaye, ilichimbwa kwa ajili ya meli. Mbona tangazo halikusema?

Niliogopa. Naandika hili mara moja tu. Nilimwona Mwanakombo amejiziba mdomo kwa mikono miwili, nikadhani ndiyo basi tena, na kwamba jambo atakalonikumbukia ni kuwa aliniuliza nikamdanganya.

Msichana wa mtumbwi wa uokozi akaja. Nikaushika mtumbwi, nikateleza. Akanishika mkono, nikamponyoka. Akanishika tena, nikamponyoka tena. Kisha kitu kikanivuta kwa ile kamba ya zipu mgongoni, kidevu kikashikwa, nikalazwa chali. Naftali! Alikuwa ametangulia mbali, akageuka. Akawa ananiambia nitazame juu, nipumue, tunafika, mzee wangu, tunafika. Sauti ileile anayowasemeshea wazee wake wa Alhamisi!

Nani alimwita? Nilikuwa napanga pumzi.

Wakanivika blanketi, na mashindano yangu yakaishia hapo. Baiskeli ya Jaswinder haikuguswa. Msimamizi akataka namba yangu. Mkononi hapakuwa na namba, palikuwa na magamba meupe ya mafuta. Naftali akaruhusiwa kuendelea, akamaliza wa mwisho kabisa, na Umoja mzima ukampigia vigelegele. Wa mwisho! Aliyekuwa wa pili kutoka mwisho hakupata hata kofi moja. Ndiyo haki hiyo?

Kwenye treni Mwanakombo alinishika mkono njia nzima. Ulikuwa ukiteleza, hakuuachia. Karibu na kushuka akaniuliza, kwa Kiswahili, kama nitajifunza. Nikamwambia tutaona.

Jumapili, 27 Mei. Jua kali, sasa ambapo halina kazi.

Uchaguzi, kwa kunyoosha mikono. Naftali: mikono ukumbi mzima. Mimi: mikono miwili. Wa kwanza wangu. Nikageuka kumtafuta mwaminifu wangu wa pili nimshukuru. Saumu? Kafumbata mikono kifuani, anazungumzia chupa. Mzee Method? Amesinzia. Mkono wa pili ulikuwa wa Naftali! Akaeleza kwamba kwao mtu hajipigii kura, si heshima. Sijapata kutukanwa namna hiyo tangu nizaliwe.

Kisha akaniteua naibu. Halafu, mbele ya wote, akanialika bwawani kila Alhamisi, tuanzie kwenye maji ya magotini. Mwanakombo akanitazama. Nikashukuru, nikasema Alhamisi nina shughuli.

Na ninayo. Mwezi wa nane Umoja unakwenda matembezi mashambani Essex, na nimesikia huko kuna farasi wa kukodi. Nimewatangazia kwamba sisi watu wa Pwani tumezaliwa juu ya punda, na mwenyekiti wa kweli ataonekana siku hiyo. Naftali amesema sawa, ndugu. Mtu wa milimani na farasi wapi na wapi!

Mama mkwe ametuma chupa mpya ya mafuta. Saumu ameificha nyuma ya unga wa ugali. Nimeshaiona. Nasikia tandiko la farasi hupakwa mafuta.