Kitabu cha Kliniki cha Ekai Jukwaani

Leo nimeanikwa mchana kweupe, na aliyenianika ni mke wangu.

Mnajua mimi ni mwigizaji hapa Kakuma. Igizo letu jipya linawasuta akina baba wanaokwepa kupeleka watoto kliniki. Baba mbaya ni mimi. (Nilipopewa nafasi hiyo nililalamika kwamba itanishinda, maana si tabia yangu. Nilisema hivyo mbele ya watu.)

Jumatatu mke wangu, Mama Ekai, alienda Lodwar kuchukua samaki wa kuuza. Akaniachia mtoto na agizo moja: Ekai ametimiza miezi tisa, mpeleke akadungwe chanjo ya surua. Nikaitikia. Lakini siku hiyo tulikuwa na mazoezi, na kikundi kilikuwa kinatafuta kitabu cha kliniki cha kutumia jukwaani. Mimi nilikuwa nacho kwenye begi. Basi mtoto nikamwacha kwa jirani, kitabu nikaenda nacho mazoezini. Nilipanga kumpeleka Jumanne. Jumanne tukawa na mazoezi tena. Mke wangu alipouliza, nikamwambia tayari, na hata hakulia sana. (Hata hakulia sana! Nani aliniomba niongeze hiyo?)

Leo tumeigiza kwenye uwanja wa kanisa kule kambi ya wakimbizi. Watu wamejaa. Desturi yetu ni hii: baba akishakataa kwenda kliniki, mwongozaji anasimamisha igizo na kuuliza ni nani kati ya watazamaji atapanda achukue nafasi ya mke, amnyooshe huyu baba. Mkono ukainuka kule nyuma. Niliona beseni la samaki kwanza, halafu nikaona aliyelibeba.

Mama Ekai. Alikuwa anapita tu na biashara yake. Akatua beseni, akapanda akitabasamu, akachukua kitabu pale mezani ili anisomee. Akakifungua. Tabasamu likaisha.

"Hiki ni cha Ekai," akasema polepole. Akafunua kurasa. "Na hapa pa miezi tisa hapajaandikwa kitu."

Nikamsogelea. "Mama Ekai, tutaongea nyumbani."

"Uliniambia hakulia sana."

Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Walidhani ni igizo! Nikajitetea kwamba siku hiyo nilikuwa mazoezini. Wakazidi kupiga makofi. Mama mmoja Mkongomani, mstari wa mbele, akamwambia mwenzake, "Huyu baba anajua kazi. Ona, haya inaonekana mpaka ku masikio."

Mke wangu hakucheka. Aliweka kitabu kwenye beseni juu ya samaki, akajitwika, akaondoka. Hakunitukana. Afadhali angenitukana, jamani. Niliinama mbele ya wale watu wote wanaonishangilia nikaona aibu ambayo sijawahi kuona maishani.

Kesho asubuhi na mapema mimi na Ekai tutakuwa kwenye foleni ya kliniki. Kitabu nimekikuta nyumbani kinanuka samaki, na nesi akiuliza kwa nini, nitamweleza yote.

Mwongozaji amenipigia simu sasa hivi. Watu wa Kalobeyei wanalitaka igizo, ila kwa sharti moja: yule mama wa samaki awepo. Nimemwambia akamwombe mwenyewe, mimi bado sijaruhusiwa kuongea naye. Na nyinyi mnaocheka, nawaona.