Ndizi Zangu na Chuma cha Bwana Shamba

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na huku nimezivaa.

Ombati na Nyangau, nyinyi wawili huko Nyamira, kaeni chini kwanza. Mwenye chai aiweke kando. Naandika barua hii nikinuka samadi kuanzia kisogoni hadi unyayoni, na imebaki saa moja kengele ya chakula ilie (maharagwe, msiulize). Nataka mlisikie jambo hili kutoka kwangu kabla halijawafikia kutoka sokoni. Maana sokoni limeshafika.

Nianze na njaa. Chuo hiki kinatufundisha ualimu kwa kutunyima chakula. Asubuhi ni uji mwepesi mpaka unauona uso wako ndani ya bakuli (na uso wangu asubuhi si kitu cha kutazama kabla ya kula). Mchana sima na maharagwe. Jioni maharagwe na sima, tusije tukachoka. Chakula cha nyumbani hakiruhusiwi bwenini tangu panya walipokula karanga za mtu mmoja, wakala blanketi lake, kisha wakaanza kumwonja kidole.

Na mimi tayari nilikuwa na makosa mawili. La kwanza, mahindi ya kuchoma ndani ya sanduku la vitabu. La pili, nilikuwa nikiwaonyesha wenzangu jinsi Mkuu wa chuo anavyotembea, naye Mkuu mwenyewe alikuwa nyuma yangu, anatembea. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mogaka, kosa la tatu utalifanyia kwenu."

Nilimwelewa. Kwetu hakuna mwingine aliyefika chuo. Baba yangu, tata, amelitangaza jambo hilo mpaka kule Birongo, kwa watu ambao hawakuuliza. Nikirudishwa nyumbani, bora nivuke mpaka nikaishi Tanganyika.

Basi Jumatatu mama akanitumia mkungu wa ndizi mbichi kwa mkono wa dada yangu. Zile fupi, nene, za kuivisha. Mnazijua. Zikiiva, jirani anakuja kuomba moto na kwake moto unawaka. Nyumbani mama huchimba shimo, hukoka moto ndani ulipashe, hutandika majani ya mgomba, huzipanga, hufukia, husubiri. Lakini chuoni utachimba wapi? Utakoka moto wapi?

Nyabuto, jirani yangu wa kitanda, akakuna kichwa. Kisha sote wawili tukageuza macho pamoja kwenye bustani.

Malundo ya mbolea!

Sijui kama huko kwenu mnateswa nayo. Hapa kila mwanafunzi ana lundo lake lenye namba, nyasi juu ya samadi juu ya jivu juu ya udongo, na kijiti kimechomekwa katikati. Ukikichomoa kijiti na kukishika, kikiwa cha moto, mbolea inafanya kazi. Na ndani ni moto kweli! Ukitia mkono unautoa mwenyewe bila kuambiwa.

"Ni shimo la mama yako lenye namba," Nyabuto akasema.

Tukazifunga ndizi kwa majani ya mgomba tabaka tatu, tukazizika katikati ya lundo langu, namba kumi na nne, wakati wenzetu wako kwenye mpira. Kijiti nikakihamishia pembeni kisiziguse. Nilijiona nina akili nyingi. Katika chuo kizima hakuna aliyewahi kufikiria jambo kama hilo. (Hapo ndipo ningejiuliza kwa nini.)

Kwa siku tatu nililitunza lundo lile kama mgonjwa. Nililinyunyizia maji, nikalifunika, nikaligusa kila nikipita. Jana Mkuu akanisimamisha. "Mogaka, nimeona mabadiliko kwako." Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nyabuto ikabidi aende nyuma ya jiko akacheke.

Sasa njooni leo. Asubuhi, baada ya uji wa kujitazama, Mkuu akatangaza, "Leo tunaye Bwana Shamba kutoka Kisii. Chifu anakuja na wakulima wa milima hii wajifunze mbolea. Tutawaonyesha lundo bora kuliko yote. Namba kumi na nne. Mogaka atakuwa mkalimani."

Nyabuto aliniangalia kama mtu anayetazama maiti inayopiga mswaki.

"Zitoe sasa hivi!"

"Nitazitoaje? Viranja wako bustanini tangu alfajiri, wanafagia hata udongo!"

"Basi omba."

Niliomba. Nadhani Mkuu wetu Mzungu aliomba pia, na yeye aliomba zaidi.

Saa nne wakaja. Wakulima kama mia, wanaume wamevaa makoti yao ya kanisani, akina mama na vikapu vyao. Chifu akapewa kiti, kimoja tu kilichokuwepo. Na pale mbele kabisa, amesimama wima kama nguzo ya ua, nikamwona nani? Tata! Koti limepigwa pasi, kofia mkononi. Hakunitazama, maana baba hamkodolei macho mwanawe mbele za watu, lakini niliona jinsi alivyoshika ile kofia. Aliishika kama mtu ambaye mwanawe ni mkalimani.

Bwana Shamba ni mtu mrefu mwenye magoti mekundu na Kiswahili cha kuokota njiani. Akalitazama lundo langu, akatabasamu. Nikachomoa kijiti changu cha pembeni haraka haraka nikampa.

"Hapana. Hii kijiti nadanganya," akasema. "Mimi iko na chuma."

Akatoa chuma kirefu kama mkuki. Akakilenga katikati. Akakisukuma.

Jamani, nilisikia. Kililia *fyok*. Halafu *fyok* tena.

Akakivuta. Kikatoka kinafuka moshi, na kwenye chuma zimechomwa ndizi mbili, moja juu ya nyingine, za manjano, laini, zimeiva kuliko ndizi yoyote iliyowahi kuiva katika nchi hii. Harufu ikaenda mpaka kwa wale wa nyuma. Nikasikia mtu anameza mate. (Alikuwa Nyabuto, mshenzi.)

Bwana Shamba akakiinua chuma chake juu, akazitazama.

"Hii ndizi nafanya nini ndani?" Bwana Shamba akauliza.

Nikamwona Mkuu akisogea hatua moja. Nikaliona kosa la tatu linakuja likitembea vile vile anavyotembea yeye. Na mdomo wangu, ambao sikuutuma, ukafunguka wenyewe.

"Ni chakula cha mbolea, bwana. Mbolea ikila ndizi, inapata joto."

Ningependa kuwaambia kwamba alicheka. Hakucheka! Aligusa lundo la Nyabuto, namba kumi na tatu. Vuguvugu. Akagusa langu. Akatoa mkono mbio na kupuliza vidole.

"Kweli!" akasema. Akatoa daftari. Akatoa kalamu. "Ndizi ngapi?"

Ningesema mbili. Jamani, si ningesema mbili tu! Lakini mtu akishaanza uongo hana kipimo.

"Mkungu mmoja, bwana. Mzima."

Akaandika. Akapiga mstari chini yake. Kisha akasimama wima, akanigeukia mimi mkalimani. "Ambia watu. Kila boma, lundo moja, mkungu moja. Kila mwezi."

Nilitaka kuwaambia watu kwa Kikisii kwamba bwana anawasalimu na anawatakia safari njema. Lakini Mkuu wetu, huyu Mzungu, anajua Kikisii kuliko shangazi zangu, na alikuwa ananitazama mdomoni. Nikafasiri. Neno kwa neno.

Hapo ndipo mlima ulipolia.

"Nini?"

"Tuzike ndizi?"

"Juzi walitukataza kulima mteremko, leo wanafanyia ndizi matanga!"

Bibi mmoja, omong'ina mwenye mkongojo, mwembamba kama kamba, anaitwa Kerubo, akajipenyeza mpaka mbele. "We mtoto! Mbolea ile ndizi, na sisi tule nini? Mbolea?"

Chifu akasimama kutoka kwenye kiti chake. "Amri mmeisikia. Askari wangu watapita boma kwa boma. Na ili msiseme mmeonewa, tutaanza na boma la baba yake huyu mwalimu. Leo hii, mkitoka hapa."

Watu wote wakamgeukia tata.

Mnamjua tata. Angeweza kubisha. Hubishana hata na mvua. Mnajua na migomba yetu, ile sita ya nyuma ya nyumba inayotulisha mpaka mahindi yakauke, sisi saba na bibi. Akageuza kofia mikononi mara moja. Kisha akasema, polepole, bila kunitazama, "Mimi sikusoma. Mtoto wangu amesoma. Kama chuo kimesema zizikwe, nitakata na nitazika."

Nyinyi wawili, hapo hamkuwepo. Ningeweza kuvumilia kiboko. Tanganyika pia ningeivumilia, wanasema ni nchi nzuri. Lakini hilo sikuliweza.

Nikasema kwa Kikisii, kwa sauti iliyopasuka kama ya jogoo mdogo: "Ni uongo! Mbolea haili ndizi! Zile ni zangu. Nilizificha ziive, nizile na Nyabuto!"

(Nyabuto hadi sasa haongei nami kwa sababu ya yale maneno mawili ya mwisho.)

Wakulima mia wakabaki midomo wazi. Bwana Shamba akainua kalamu yake. "Nasema nini huyu?"

Watu wakatazamana, wakamtafuta mkalimani. Kisha wakakumbuka mkalimani ni nani.

Ndiyo, ndugu zangu. Nilijiumbua kwa Kikisii, halafu ikanibidi nijitafsiri. Nikasimama pale na kusema upya kwa Kiswahili safi, taratibu, kwa sababu bwana alikuwa anaandika. "Sikusikia hapo mwisho," akasema. Nikarudia. Mara ya tatu! Mara ya kwanza watu walishangaa, mara ya pili walianza kukohoa, mara ya tatu Chifu mwenyewe alilazimika kukaa. Kuna mzee alijilaza kabisa kwenye nyasi. Omong'ina Kerubo alikuwa anapiga ardhi kwa mkongojo, analia machozi, "Yaya! Hapana! Eti chakula cha mbolea!"

Bwana Shamba akafuta ukurasa wake kwa mistari minne. Kisha akasema kwa huzuni, "Lakini joto iko mzuri."

Mkuu hakucheka. Mkuu akaja mbele yangu. "Mogaka. Hili ni la ngapi?"

"La tatu, bwana."

"Na nilisema nini?"

Nilikuwa nawaza nguo zangu zitaingia vipi kwenye lile sanduku lililokuwa na mahindi.

Aliyejibu ni Kerubo, kwa Kikisii, mkongojo ukimwelekea Mkuu. "Utamrudisha nyumbani? Kwetu? Huyu? Hapana, bwana. Mlimchukua wenyewe. Kaeni naye hapahapa!"

Wakulima wakaitikia wote kwa pamoja. Hawakunitaka! Mia nzima! Sijawahi kukataliwa na watu wengi kiasi hicho kwa mara moja. Na Mkuu, nilimwona kwa macho haya, mdomo wake ulitetemeka upande mmoja, akajifanya anafuta miwani. Alipoivaa tena hukumu ilikuwa imekwisha. Nabaki. Lakini nitageuza malundo yote ya chuo, thelathini na mawili, mpaka tufunge shule. Jumapili sitoki. Na ndizi ni za wageni, nami ndiye nitakayewagawia.

Basi mwenzenu nikapiga magoti, nikafukua kwa mikono, mbele ya watu. Chane moja, chane ya pili, zote tamu, zote za manjano kama jua. Nikazunguka na kikapu. Kila aliyechukua alinishukuru kwa heshima: "Asante, Bwana Mbolea." Chifu alichukua nne. Bwana Shamba alizitazama zile zilizokuwa kwenye chuma chake, akapangusa moja kwa leso, akala.

Mimi sikuonja hata ganda.

Mwisho nikafika kwa tata. Nikasimama na kikapu, macho chini. Nikaona viatu vyake vilivyopakwa mafuta. Nikaona mkono ukiingia na kuchagua moja kwa makini, kama anayenunua. Akamenya. Akala nusu. Alikuwa anatazama milima ya ng'ambo, si mimi.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Tatu, tata."

Akatafuna.

"Sisi shimoni huchukua tano."

Akamaliza ile ndizi, akavaa kofia, akaenda. Niliona mabega yake yakitikisika mpaka alipopinda kona, na mpaka sasa sijui kama alikuwa anacheka au ni kile kikohozi chake.

Basi nawaomba msicheke. Na siku mkitaka kumdanganya mtu, angalieni kwanza kama ana kalamu.

Wenu,
Mogaka