Kuhara kwa Mtu Sugu

Jumatatu, 4 Machi
Jumapili ya saba binti yangu haji. Husema: kazi, baba, kazi! Jirani yangu fundi cherehani jana kaletewa wajukuu watatu. Vicheko vyao vimepenya ukuta mpaka kwenye sahani yangu. Basi! Mimi dobi niliyenyoosha suti za mabalozi, nishindwe kumvuta mtoto mmoja? Nitaugua.

Jumanne, 5 Machi
Zahanati, kuchagua ugonjwa. Bango limesema kuhara kupo kwa maji na kwa damu. Kukali na sugu. Chanzo: maji machafu, mikono michafu, vijidudu, hata dawa. Muuguzi akauliza choo changu kikoje. Nikamjibu: cha shimo, wapangaji sita, mlango hauna komeo. Akacheka mpaka akashika meza. Kumbe kauliza kingine! Akanipa kikopo. Nikatoroka.

Jumatano, 6 Machi
Nimempigia binti: mwanangu, nahara. Akauliza: kukali au sugu? Mtu kama mimi niugue kidogo? Sugu, mama, tena sugu kabisa! Akasema sugu ni kwa zaidi ya wiki nne, na juzi nimemsimulia nilivyomaliza kuku mzima. Niugue kweli ndipo nimwite. Hata hakukasirika. Afadhali angefoka, tungeongea zaidi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekunywa mafuta ya nyonyo ya kuendesha tumbo, vijiko vinne. Fundi cherehani kaonya kimoja kinamtosha ng'ombe. Wivu! Saa nne na robo: Mungu wangu! Nimemwandikia binti: kukali, kwa maji, shahidi ni jirani. Kajibu anakuja kesho, ninywe maji ya chumvi na sukari. Anakuja! Nimefagia, nimetandika shuka jeupe, nimeosha vikombe viwili.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi yote chooni, nimeuvuta mlango kwa kamba ya kuanikia. Nikasikia hodi, baba! Nikaitika kwa sauti yote. Cherehani ya jirani ikanguruma, ikaimeza sauti yangu. Niliporudi: pakiti za chumvi kizingitini na karatasi. “Baba, fundi kasema umempita mbio kama kijana. Nashukuru u mzima. Nimewahi kazini.” Fundi kaapa alinisifia tu. Kaniletea maji ya moto, tukanywa. Nimemsamehe, ila kikombe cha binti sikumpa.

Jumamosi, 9 Machi
Kosa nimeliona: nilichagua ugonjwa unaomtoa mtu chumbani. Wiki ijayo nafunga choo. Hapo atanikuta nimekaa. Akiuliza aina, nitasema sugu.