Zabibu za Kufungwa kwa Uzi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimempigia simu binti yangu. Amesema atakuja mambo yakitulia. Yakitulia! Mambo ya mtoto huyu hayajatulia tangu tulipomzika mama yake. Nyumba kimya. Hata jokofu likinguruma nafurahi, walau kuna anayesema.

Nimetoka uani kuutazama mzabibu wa marehemu. Majani tele, yamefunika chanja lote mpaka bati la jikoni. Zabibu? Hata moja. Ng'ambo ya ukuta, mzabibu wa jirani umeinama kwa matunda. Jirani mwenyewe ni mjane, alikuwa mshonaji, mtaa mzima unamwita Bi Mkasi. Kila mwaka anaukata mzabibu wake mpaka unabaki fimbo tupu, halafu unazaa kwa fujo. Si bure, kuna jambo.

Ndipo akili ikanijia. Nimekagua tiketi za mabasi maisha yangu yote, najua watu wanavyodanganya. Nikapanda juu ya ndoo, nikavipiga picha vishada vya Bi Mkasi, nikamtumia binti: Mzabibu wa mama yako umezaa, njooni mle. Hata sijashuka kwenye ndoo, jibu hilo! Jumamosi anakuja, yeye na watoto. Nimelamba dume!

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamka na furaha. Kufika saa ya chai, imekwisha. Watakula nini hao? Tena zabibu za marehemu zilikuwa nyeupe. Za kwenye picha ni nyeusi tititi. Mimi niliyewashusha abiria kwa tiketi za jana, leo nimejikamata mwenyewe.

Bi Mkasi kachungulia juu ya ukuta. Kanisalimu, kaniuliza hali, kaniuliza nimekula nini. Maswali ya mpelelezi. Kisha akaanza wimbo wake: mzabibu usiokatwa ni kuni tu, matunda hutoka kwenye machipukizi mapya, nimruhusu aje aukate, kila tawi abakize macho mawili ya kuchipua. Ng'o! Matawi yale marehemu ndiye aliyeyafunga kwenye chanja, kwa vitambaa vya gauni lake la buluu. Mafundo bado yapo. Nani ayaguse? Nikamwambia mzabibu wangu unapumzika. Akasema basi umechoka sana, maana anauona unapumzika tangu msiba. Mwanamke ana ulimi huyu!

Jumatano, 6 Agosti

Sokoni. Muuza matunda ana aina mbili: nyeusi ndogo zenye mbegu, na za kijani ndefu zisizo na mbegu. Nyeusi zinalingana na picha. Kijani zinakaribiana na za marehemu. Nikanunua zote. Mtu akiuliza, nitasema ni utaalamu wa kisasa. Muuza matunda akataka kujua kama nina sherehe. Nikasema nyumba yangu haiishi wageni. Akanitazama, akafunga mfuko.

Jioni Bi Mkasi akanialika kwake. Eti anakamua zabibu, nikaonje juisi, tena nimsaidie kuchambua za kuanika. Nikasema nina shughuli. Shughuli yenyewe: nilikaa sebuleni nikitazama mfuko wa zabibu. Nikamsikia akicheka peke yake huko kwake, labda ni redio. Nilitamani sana kujua kilichomchekesha.

Alhamisi, 7 Agosti

Kazi imeanza. Ngazi, uzi, vishada. Asubuhi nzima nafunga tu, shingo imekakamaa. Nikashuka kutazama. Maridadi! Nikaingia ndani kunywa chai ya ushindi. Kutoka, ndege wamekula nusu!

Sauti ikatoka ukutani. Bi Mkasi alisema ndege wale wana adabu, wameanza na za kijani. Kumbe ameona yote! Wala hakuniuliza ninafanya nini. Alisema tu kwamba vishada viwili nimevifunga juu chini, vikonyo vinatazama ardhi. Nikamjibu kwamba hiyo ni aina yake ya pekee. Akasema anaona.

Ijumaa, 8 Agosti

Tangu asubuhi nalinda mzabibu kwa ufagio na sufuria. Jua limenichoma utosi. Nilizofunga jana zimesinyaa, bado kidogo ziwe zabibu kavu. Maji yamenifika shingoni.

Mchana nimekuta kapu mlangoni. Zabibu nyeusi zilizochumwa leo leo, zimefunikwa kitambaa safi. Nani mwingine? Ni yeye. Anataka nini huyu? Mimi sijawahi kumpa hata chumvi. Nimezifunga nazo, zote. Asante sikusema. Ukianza na asante, utaambiwa karibu, na ukiambiwa karibu utaingia, na ukiingia utaulizwa unaishije.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamekuja! Mlangoni pamejaa viatu. Wajukuu wangu wawili, wasichana, wamekua. Mdogo hakunijua. Akajificha nyuma ya mama yake, akauliza huyu ni nani. Limeniuma hilo, siwezi kuficha.

Nikawapeleka uani upesi. Mkubwa akavuta kishada, kikaja na uzi wake. Akatangaza kwamba zabibu za babu zimeshonwa. Nikaanza kueleza utaalamu wa kisasa. Binti yangu hakucheka. Alikuwa ameshika fundo la kitambaa cha buluu, machozi yanamtoka.

Akaniambia alijua tangu alipoiona picha. Za mama zilikuwa nyeupe, na pembeni ya picha magauni ya Bi Mkasi yameanikwa kwenye kamba. Alikuja kwa sababu aliona baba yake amefika mahali pa kuiba picha ya zabibu ili atembelewe. Akasema baba, siku nyingine sema njoo. Basi. Akasema na yeye ana lake: nyumba hii bila mama anaiogopa, ndiyo maana mambo yake hayatulii. Nikasema nimesikia.

Kisha akamwita Bi Mkasi. Anataka vijiti vya mzabibu wa mama akapande kwake, vikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu vinaota. Nilikataa. Nikabembelezwa. Nikakubali tawi moja. Mkasi ulipolia, niligeukia ukuta. Bi Mkasi alifungua fundo kwa vidole, taratibu, akanipa kile kitambaa mkononi.

Mdogo alilala mapajani mwangu. Mguu ukafa ganzi, sikuusogeza. Halafu wakaondoka.

Jumapili, 10 Agosti

Kimya tena. Nimekula mkate nimesimama.

Binti kapiga simu kusema vijiti ameshavichomeka. Akauliza kama nina la kusema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Njoo. Lipo hapa, kwenye ncha ya ulimi! Nikameza mate. Nikafikiri: mtu mwenye kazi zake na watoto wake, aitwe hivi hivi tu, bila sababu? Zabibu ndizo zilizomleta, asinidanganye mtu. Kosa langu lilikuwa chambo kidogo.

Nikajisikia nikimwambia kwamba ninaoa.

Akauliza ni nani. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na mtu anapunguza matawi, kwacha, kwacha. Nikasema Bi Mkasi. Lo! Kelele alizopiga! Vigelegele! Eti alikuwa akiomba iwe hivyo. Jumamosi ijayo wanakuja wote, na mumewe, na watalala!

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu ni nyingi. Limebaki jambo moja dogo: Bi Mkasi mwenyewe hajui. Kesho nitakwenda kumwomba ajifanye mchumba wangu kwa siku mbili. Nitamsisitizia kwamba ni kujifanya tu. Sitaki kabisa afikiri kwamba nahitaji mtu.