Picha Nilizozichagua kwa Mkono Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi. Leo nafika kazini, nakuta kompyuta ya mapokezi, ikikaa dakika mbili bila kuguswa, inaonyesha maua. Waridi. Waridi jingine. Kisha Mama Mihuri mwenyewe, anatabasamu kati ya majalada! Kazi yake ni kutunza mihuri ya ofisi. Sasa anataka na macho ya watu. Mkurugenzi akasimama, akatazama, akasema masjala imependeza. Miaka kumi na moja napanga majalada humo, hajawahi kusifu hata kabati! Na Ijumaa anatangaza mkuu wa masjala mbele ya wageni wa makao makuu. Cheo hicho ni changu. Dawa ya moto ni moto.

Jumanne, 4 Machi

Saa ya chakula wote wametoka. Nimejipiga picha arobaini. Mimi na jalada. Mimi juu ya ngazi. Mimi nikifikiri. Kisha nikajipenyeza ofisini kwa mkurugenzi, nikavaa koti lake lililotundikwa mlangoni, nikakalia kiti chake, miguu juu ya meza. Picha bora kuliko zote! Haifai kuonyeshwa, basi nimeiweka kwenye folda ya Siri, pamoja na ile ya Mama Mihuri amelala juu ya rejista, na ile ya mkurugenzi akichokonoa sikio kwa kalamu ya kusainia. Mwenye akili huweka akiba. Folda ya Siri nimeitia ndani ya folda ya Mimi, isipotee.

Jumatano, 5 Machi

Kompyuta ya mapokezi ni ya Linux, si Windows niliyoizoea, na Linux haina adabu. Nimebofya asubuhi nzima, maua yako palepale. Ikabidi nimpigie shemeji, mdogo wa mke wangu, fundi wa kompyuta. Akanielekeza pa kuliandika jina la folda yangu ya Mimi. Kisha akaanza kunionya: programu ya kuonyesha picha hupekua hadi folda zilizo ndani ya folda, nihamishe nisichotaka kionekane. Nikamwambia nimeomba maelekezo, sikuomba mawaidha. Akakata simu. Tangu nimwoe dada yake ananiona mjinga.

Alhamisi, 6 Machi

Maua yamekufa! Nimetazama picha tatu, sekunde kumi kila moja. Mimi, mimi, mimi. Nikaridhika. Adhuhuri narudi, Mama Mihuri amerudisha maua! Nikayang'oa, nikaweka neno la siri ili asiguse tena. Akaniuliza kwa upole kama nimezitazama picha zote hadi mwisho. Wivu mtupu! Nyumbani mke wangu ameuliza kwa nini napiga pasi shati moja mara mbili. Nimemwambia ajiandae kuitwa mke wa mkuu.

Ijumaa, 7 Machi

Siwezi kuandika. Naandika.

Wageni watano walisimama mapokezi. Picha zikaanza. Nikajitokeza mbele yao, skrini nyuma yangu, nikasema masjala ndiyo uso wa ofisi. Wakatumbua macho. Nikaona imewaingia. Mgeni mmoja akaziba mdomo kwa leso, nikadhani analia. Nikapandisha sauti: kila picha wanayoiona nimeichagua kwa mkono wangu, na hivyohivyo ndivyo nitakavyoiendesha masjala. Mkurugenzi akauliza, taratibu mno, lile koti ni la nani.

Nikageuka. Mimi, kitini pake, miguu mezani. Sekunde kumi zikaisha, ikaja ya mkurugenzi na sikio lake. Nikavamia kibodi. Ikadai neno la siri. Nikakosea mara nne! Mama Mihuri ndiye aliyechomoa waya, na ndiye mkuu wa masjala.

Jumatatu, 10 Machi

Nimehamishiwa stoo. Viti vibovu thelathini, na mimi. Mkuu mpya amekuja kunipa pole, na mbaya zaidi, pole yenyewe ilikuwa ya kweli. Mke wangu amesema sikio la kufa halisikii dawa. Nilidhani anamsema mkurugenzi.

Nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Si folda. Ni sekunde! Kumi ni nyingi, mtu anapata wasaa wa kulitambua koti. Na nyuma ya viti nimekuta kompyuta nyingine, imefunikwa turubai, nayo ya Linux. Inawaka. Mlango wa stoo unatazamana na chumba cha mikutano.

Nimeweka sekunde tatu. Na wakati Mama Mihuri ananipa pole alipiga mwayo, nikamnasa kwenye picha.