Kamati ya Kasi ya Viti

Wananchi wa Mombasa wanatangaziwa rasmi kwamba utoro kazini umekwisha. Idara ya Uwepo Kazini imetia kidude chini ya kila kiti cha afisa. Afisa akikaa, kidude kinampima uzito na kupeleka habari kwa waya hadi kwenye kompyuta ndogo ya mfumo wa Linux, isiyozidi kiganja, nayo inaandika kwenye skrini kubwa ya ukumbini: fulani yupo, fulani hayupo.

Kwa miezi miwili skrini iliandika "x~~?þx??". Mkurugenzi, Bwana Zakariya, alipendezwa mno. "Hiyo ni lugha ya kitaalamu," aliwaambia watu waliopanga foleni ya vibali ukumbini, kisha akapanda gari akaenda zake.

Ijumaa moja, mbele ya foleni alisimama Bi Mwanaesha, muuza viazi karai wa Tononoka. Kibali cha kibanda chake kilikuwa kinakwisha siku hiyo hiyo. Bila sahihi ya Mkurugenzi, kesho yake askari wa kaunti wangekivunja.

"Mwanangu," alimwambia Fadhiya, fundi wa idara, "huyu bwana yuko ama hayuko? Leo siku ya nne nauliza."

"Skrini ndiyo ijuayo, Bi Mwanaesha."

"Na skrini yasemaje?"

Fadhiya akaona haya. Ugonjwa aliujua zamani. Kidude kilisema kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kompyuta ikasikiliza kwa 115200, na vitu hivyo visipokwenda kasi moja hutoka makelele matupu. Dawa ilikuwa kubadilisha namba moja kwenye kompyuta. Kwa adabu zake zote aliomba idhini, ikaundwa Kamati ya Kasi, wajumbe tisa. Kamati ilikaa wiki sita, ikasikiliza pande zote, na kwa kuwa serikali haina upendeleo, ikaamuru kompyuta isikilize kwa wastani: 62400. Skrini ikaandika "ÿÿ??~x". Kamati ikajipongeza kwa maendeleo.

Fadhiya alimtazama yule mama, moyo ukamuuma. Potelea mbali! Wajumbe wakiwa kwenye chai, akaandika 9600.

Skrini ikasafika: "Viti: 30. Vitupu: 29. Mkurugenzi: YUPO. Uzito: kilo 5."

"Maskini," akasema mzee mmoja, "amekonda kweli."

Bi Mwanaesha hakungoja. Kama yupo, yupo. Akafungua mlango wa Mkurugenzi, akakuta mfuko wa mchele umekaa kitini, umevishwa koti. Akaushusha chini, akakaa yeye apumzishe miguu.

"Mkurugenzi: YUPO," ikaandika skrini. "Uzito: kilo 92."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama akauona muhuri mezani, akagonga kibali chake, akatia sahihi, kisha akaita, "Haya, aliye nyuma yangu na aingie!"

Saa nane Bwana Zakariya akarudi, ameshiba. Bawabu Chengo akamzuia kwa heshima zote.

"Samahani, mzee. Mkurugenzi yuko ndani, ahudumia watu."

"Mkurugenzi ni mimi!"

Chengo akaitazama skrini, akamtazama na yeye. "Rekodi haionyeshi hivyo, mzee."

Bwana Zakariya akamvuta Fadhiya kando, jasho likimtoka. "Rudisha ile kasi ya kamati. Sasa hivi!"

"Naam, Bwana Zakariya. Lakini kubadilisha kasi kwataka sahihi ya Mkurugenzi."

Kisha, kwa upole, akamwonyesha mwisho wa foleni.