Homoni Mpaka Mkiani

Jumatatu, 4 Oktoba 1976

Siku kubwa! Profesa Vadkerti ametangaza kwamba mwezi ujao anakwenda mkutanoni Vienna, na kwenye gari lake kuna nafasi ya mtu mmoja tu kutoka maabara yetu. Pasi ya kwenda nchi za Magharibi, ambayo kwetu haipatikani ovyo, ataihangaikia mwenyewe. Anayetaka kwenda amletee majibu mazuri kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo: homoni yetu iko sehemu gani za mwili wa panya, na kwa kiasi gani. Tunaotaka ni wawili. Mimi, na Piroska Dudás wa meza ya dirishani. Maskini Piroska.

Nyumbani, mke wangu Ibolya alifurahi mpaka akanibusu mbele ya mama yake. Mama mkwe hakubusu mtu. Alisema anataka kahawa, ile ya kweli, na soksi ndefu za nailoni za rangi ya ngozi. Kisha akauliza, hiyo homoni mnaipimaje na haionekani? Nikamweleza kwa vijiko na vikombe. Kwenye tyubu tunatia maji ya damu ya sungura, yaliyofundishwa kuikamata homoni. Hivyo ndivyo viti. Tunatia na homoni kidogo ya kwetu yenye mnururisho, ambayo mashine inaihesabu. Hao ni wageni wetu. Halafu tunatia maji yaliyotoka kwenye ubongo wa panya. Kama yana homoni, nayo itagombea viti na kuwasukuma wageni wetu nje. Mashine ikikuta wageni wachache vitini, ujue ubongo ulijaa homoni. Rahisi!

Mama mkwe akauliza, na kama viti vimevunjika je? Mwanamke huyu hachoki kuuliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu.

Jumanne, 5 Oktoba

Nina mbinu. Ili homoni itoke kwenye ubongo, tunauchemsha ndani ya siki kali ya maabara. Hapo Piroska huyapeleka maji yake kwenye mashine ya kukaushia, anangoja siku nzima mpaka siki yote itoke, ndipo anapima. Siku nzima! Mimi nimeiruka hatua hiyo. Siki imemdhuru nani? Ibolya anatengeneza matango ya siki kila mwaka na tungali hai. Piroska aliponiona namimina siki na vyote kwenye tyubu alikohoa. Nikamwambia achukue dawa.

Jumatano, 6 Oktoba

Haya, haya, haya! Chini ya ubongo pamejaa homoni. Juu ya ubongo pamejaa. Nyuma pamejaa! Mashine imehesabu wageni wachache mno, hadi nikaigonga kidogo kuhakikisha haijalala. Profesa akakuna kidevu, akasema sasa nimtafutie kipande cha panya kisicho na homoni kabisa, apate cha kulinganisha. Kazi ndogo hiyo. Nimekata mkia.

Ijumaa, 8 Oktoba

Mkia umejaa! Nikajaribu sikio. Limejaa! Nikaichemsha kwenye siki supu ya samaki ya kantini, kwa utafiti tu. Imejaa pomoni! Hakuna mtu duniani aliyewahi kuikuta homoni hii mkiani, wala kwenye supu. Nimeipa jina langu: zsigmondini. Inatamkika vizuri.

Piroska akaja kwa upole wake ule wa kuudhi. Akasema, Zsiga, ndugu yangu, hebu pima na tyubu moja tupu, siki peke yake bila nyama yoyote. Nikamuuliza kwa nini mtu mzima apime kitu ambacho hakipo. Akasema ndiyo maana yake, kuona kama hakipo. Nilicheka mpaka nikashika meza. Alipotoka nilichungulia majibu yake. Jamani! Siku zote hizi, homoni ameiona kwenye kijisehemu kimoja chini ya ubongo, kidogo kama punje ya mchele, basi. Kwenye mkia, hamna kitu. Nilimhurumia kwa dhati.

Jumamosi, 9 Oktoba

Baba mkwe amepiga simu, anataka watu wa kuvuna zabibu shambani kwake. Nimesema mgongo unaniuma. Kila mwaka Oktoba mgongo huniuma.

Mama mkwe ameshawatangazia watu wote kwenye foleni ya nyama kwamba mkwe wake anakwenda Vienna. Jirani wa juu kaagiza chokoleti. Jirani wa chini kaagiza kifaa cha mashine yake ya kukaushia nywele, na mchoro kaniletea. Ibolya amepiga pasi suti yangu ya harusi. Akaniuliza taratibu, una uhakika, Zsiga? Hajawahi kwenda popote huyu, na mimi ndiye ningemsimulia Vienna yote. Nikamwambia ahesabu nimeshafika.

Jumatatu, 11 Oktoba

Profesa ataamua kwa mtihani. Ametutengenezea yeye mwenyewe tyubu tano zenye herufi A mpaka E, mimi seti yangu na Piroska yake. Zote ametia siki, na kilichomo ndani hakuna anayekijua ila yeye. Tupime, tuseme. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi!

Nimempelekea karoti Borcsa, sungura anayetupa damu ya kukamata homoni, ili tuwe na maelewano. Ameniuma kidole. Hana shukrani.

Baadaye nikazitazama tyubu zangu kwenye mwanga. A, B, C na E zina ukungu. D ni angavu kama maji ya kisima. Kilicho angavu ndicho kilichosafishwa! D ni homoni tupu, Profesa ametaka kunitega. Piroska amepeleka zake kwenye mashine ya kukaushia, kama kawaida yake. Mimi nimemimina moja kwa moja.

Jumatano, 13 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulikusanyika sote. Nilisimama nikiwa na suti. Nikasema zote zimejaa homoni, na D imezishinda zote, haijawahi kuonekana tyubu kama D. Piroska akasema C ina homoni nyingi, A kidogo, na nyingine hamna kitu. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema, “Zsiga, kijana wangu, D ni siki na maji. Humo hamna panya. Hamna hata unywele wa panya.”

Akaeleza mbele ya watu, polepole, kama anaongea na mgonjwa. Siki imeharibu wakamataji wa Borcsa, vile viti vyetu, hawawezi tena kushika kitu. Wageni wote wakabaki nje, na mimi nikadhani wamesukumwa. Wiki nzima nilikuwa napima siki. Ubongo siki, mkia siki, supu siki. Mtu mmoja nyuma akacheka kupitia puani. Anayekwenda Vienna ni Piroska.

Piroska hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinifuata kwenye korido akaniuliza mama mkwe wangu anavaa soksi saizi gani. Kumbe maabara nzima inajua!

Nyumbani niliwaambia nikiwa nimesimama na koti mwilini. Mama mkwe akapiga meza: “Viti! Si nilikuuliza mimi habari ya viti?” Halafu akataka kujua kama huyo Piroska anakula bata, tumwalike Jumapili. Ibolya alinipashia supu, akaichukua suti na kuirudisha kabatini, akaufunga mlango wa kabati polepole sana. Nililia bafuni. Kidogo tu.

Alhamisi, 14 Oktoba

Nimeamka mtu mpya! Nilikuwa nanyoa ndevu likanijia lote kwa mpigo.

Mashine haidanganyi. Mashine imesema D ina homoni kuliko kitu chochote. Profesa mwenyewe, mbele ya mashahidi, amesema D ni siki. Basi homoni imo kwenye siki! Siki inatoka wapi? Kwenye divai. Divai inatoka wapi? Kwenye zabibu! Ndiyo maana wavunaji wa baba mkwe hurudi wakiimba na kukumbatiana. Profesa na Piroska wameushika ugunduzi mkubwa kwa mikono yao, wakautupa, na sasa wanajiandaa kwenda zao Vienna. Waende! Mkutano wa mwakani uko London, na London ni mbali kuliko Vienna. Nimemwambia Ibolya aitoe suti. Alichukua mkoba wake akaenda kazini.

Nimempigia simu baba mkwe kwamba mgongo umepona, Jumamosi nakuja kuvuna. Aliniuliza mara mbili ni nani anayeongea.

Piroska aliniona nasafisha tyubu, akanisihi safari hii nipime angalau moja isiyo na zabibu. Nimemwambia tyubu ni chache, siwezi kuzichezea. Kilo mbili za kwanza nimeshazinunua sokoni na ziko mezani kwangu, zimelowekwa. Kwenye siki, bila shaka. Hakuna kitu kinachotoa homoni vizuri kama siki.